Chapati ya Ijumaa
Shuleni kwetu hapa Tabora, kila Ijumaa mchana walimu tunakaa chini ya mwembe, mmoja anawafundisha wenzake. Ilianza pale mwalimu mgeni alipokiri kuwa kufundisha sehemu za hesabu, kama nusu na robo, kunamshinda. Niliogopa watamcheka. Mama mmoja, mwalimu wa siku nyingi, akachukua chapati yake ya chai, akaikata vipande vinne juu ya daftari, mafuta yakaacha alama. "Haya mwanangu, weka robo mbili juu ya nusu." Zikalingana! Nami nikajifunza, miaka 11 kazini.

Hata Mwalimu Nyerere alikuwa mwanafunzi mji huu kwanza, kisha akarudi kufundisha shule ya St. Mary's. Tangu chapati ile, wanafunzi wangu nao wanasema "sijaelewa" bila woga. Jana mmoja kasema mara tatu. Nilifurahi mno.