Ngozi ya koko

Juzi tulipanda upande wa kijiji cha Miti, huku Kivu ya Kusini, kwa fete moja ya utamaduni, Batwa, wenyeji wa asili wa pori, ndio walifungua, na walicheza kweli, bamama walipiga miguu mpaka kifua changu kikatetemeka, simu zote juu. Mbele kulikuwa koko mmoja, muzee wa ngoma, kajifunga ngozi kiunoni. Baadaye nikamusogelea nimusalimie, nikaona ile ngozi ina nyuzi. Ilikuwa gunia, wameipaka rangi.

"Mutoto yangu, ngozi nitaitoa wapi?" akanijibu, bila hasira.

Hilo neno limenikalia tangu siku ile. Maana pori ndo lile, ukisimama pale unaliona. Wabelgiji waliligeuza kuwa rezerve mwaka 1937, kama vile 1925 walishafanya Parke Albert kule Virunga, halafu wakaenda zao na sisi wenyewe tukaendelea: 1970 serikali ikatangaza Parke ya Kahuzi-Biega, kilometa mraba 600, 1975 ikaipanua mpaka karibu 6,000, na Batwa waliokuwa wakiishi ndani wakafukuzwa, wengi wao hata shamba hawakupewa, mpaka leo wanalima mashamba ya wengine. Mwindaji akiingia sasa anaitwa mwizi.

Najua mtaniambia habari ya makala, ule mkaa wa kupikia, na miti iliyokatwa tangu Batwa wengine waliporudi porini 2018. Ni kweli, na mimi ngorila nawapenda, sitaki waishe. Lakini hao ngorila walikuwepo 1970, na Batwa walikuwa wamekaa nao miaka yote ile, sasa nani aliwatunza?

2022 tulipata sheria ya kulinda haki za hawa ndugu zetu, na 2024 ikatoka hadharani hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kwamba Congo iliwavunjia haki zao, warudishiwe ardhi. Kwenye fete watu walishika mikro zamu kwa zamu kusifu utamaduni wa Batwa, na hiyo hukumu hakuna aliyeitaja, hata mmoja, iliniuma sana.

Kabla ya kushuka mjini nilimuuliza koko ule wimbo wa kwanza, ule watoto walioimba kwa nguvu, unasema nini. Akasema ni wa kuitana, mtu akipata asali huko porini anawaimbia wenzake waje na vyombo. Nikauliza kama hao watoto wameshaenda kutoa asali. Akawaangalia, akaanza kukunja gunia lake.