Siku moja maishani mwangu: skrubu ya cherehani iliyogoma kufunguka

Saa moja asubuhi. Wiki ya mwisho ya Agosti ni wiki ambayo fundi wa cherehani mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, hana ruhusa ya kuugua. Shule zinakaribia kufunguliwa, kila mtoto anatakiwa kuwa na shati jeupe na suruali au sketi ya buluu, na cherehani zilizolala pembeni kwa miezi mingi zinaamshwa zote kwa mpigo. Nilipofika kibandani kwangu, karibu na soko la Kadutu, nilimkuta mama mmoja mshonaji akinisubiri, na kijana aliyemsaidia kubeba cherehani nyeusi ya Butterfly isiyo na meza yake. Baada ya salamu alinieleza shida. "Fundi, inaruka mishono. Nimebadilisha sindano, nimebadilisha uzi, na bado inaruka. Mashati ya watu yananingoja." Nilimwomba arudi saa kumi na moja jioni, naye akaguna, kwa kuwa alitarajia kusubiri palepale.

Saa mbili. Niliondoa kifuniko cha ubavu wa kushoto, nikazungusha gurudumu polepole kwa mkono hadi sindano ikafika chini kabisa na kuanza kuinuka, kisha nikatazama ndoano, kile chuma cha chini kinachokamata uzi. Ncha yake ilikuwa inapita usawa wa tundu la sindano badala ya kupita juu yake, na kwa hiyo haikukuta kitanzi cha uzi cha kukamata. Maana yake ni kwamba fimbo inayoshika sindano ilikuwa imesukumwa juu, jambo linalotokea mara nyingi mtu anapolazimisha pindo nene la jinzi au sindano inapogonga kifungo. Dawa yake ni nyepesi: unalegeza skrubu moja inayobana fimbo hiyo, unaishusha fimbo kidogo, unakaza. Ni kazi ya dakika chache iwapo skrubu itakubali, na hii haikukubali.

Mwanafunzi wangu aliuliza swali zuri: ikiwa skrubu imeganda kiasi hiki, fimbo ilitelezaje? Jibu ni kwamba kuganda na kukaza ni mambo mawili tofauti. Skrubu inaweza kuwa imekwama kabisa kwenye hesi zake, yaani mifereji yake ya kuzungukia, ilhali haibani kitu sawasawa, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa sababu huwezi kuikaza wala kuifungua.

Kabla ya kugusa bisibisi ninataka kujua kilichoikwamisha. Katika mashine hii vilikuwa viwili. Kulikuwa na utando wa kahawia unaong'aa kuzunguka kichwa cha skrubu, ambao ukiukwaruza kwa ukucha unatoka kama gundi kavu. Hayo ni mafuta ya kupikia, ambayo wenye mashine huyatia wanapokosa mafuta yake, nayo yakikaa hewani hugeuka kuwa vanishi. Chini ya utando huo palikuwa na duara jembamba la kutu, na hilo halinishangazi katika mji wenye ziwa pembeni na mvua tangu Septemba hadi Mei. Mafuta ya taa huyeyusha utando lakini hayaiyeyushi kutu, kwa hiyo kila kimoja kinahitaji dawa yake.

Saa tatu. Nilichanganya mafuta ya taa na mafuta mepesi ya cherehani, nikadondosha tone moja pembeni mwa kichwa cha skrubu kwa ncha ya sindano, nikaiweka mashine kwa namna ambayo tone litaingia lenyewe kwenye hesi. Baada ya hapo haiguswi. Mwanafunzi wangu, kama vijana wote, huona kusubiri ni uvivu.

Muda huo niliutumia kwenye bisibisi. Bisibisi nyingi za dukani zina ncha yenye umbo la kabari, pana juu na nyembamba chini, na ukiizungusha kwa nguvu inashika kingo za juu tu za mfuo, yaani ule ufa wa kichwani mwa skrubu, kisha inapanda na kuruka nje ikiwa imezitafuna. Mtu mwingine alikuwa amekwisha kuitafuna kona moja ya mfuo huu. Niliibana bisibisi kwenye jiliwa nikaisugua kwa tupa laini hadi pande zake mbili zikawa sambamba, upana wake ukalingana na kichwa cha skrubu, na unene wake ukajaza mfuo hadi chini bila kucheza. Ndivyo wanavyofanya mafundi bunduki wanapofungua skrubu ya bunduki ya zamani, kwa kuwa skrubu zao ni za ukoo uleule, zenye mfuo mwembamba na chuma kigumu. Ujirani huu si wa bahati: Husqvarna ya Uswidi ilianza mwaka 1689 kama kiwanda cha silaha, na mwaka 1872 ikaanza kutengeneza cherehani. Kama ningeambiwa nichague kati ya mafuta bora na ncha iliyochongwa vizuri, ningechagua ncha.

Saa tano hadi saa saba nilibadilisha mkanda wa mashine moja na kunoa meno yanayosukuma kitambaa ya nyingine. Umeme ulikatika.

Saa nane. Mafuta yalikuwa yamefanya sehemu yake, lakini skrubu ilikuwa bado haitikisiki, na sikutaka kuongeza nguvu. Butterfly hii imefuata muundo wa cherehani ya Singer 15, ambao hesi zake hazilingani na za skrubu za milimita zinazouzwa madukani. Kichwa kikikatika, itabidi nitafute mashine iliyokufa niivue skrubu yake. Iliyobaki ilikuwa joto. Kwa kuwa chuma cha kulehemia hakina kazi bila umeme, nilipasha msumari mnene kwenye makaa, nikafuta mafuta ya taa yote kwa kitambaa hadi pakakauka, kwa sababu moto na mafuta ya taa havikai pamoja, kisha nikaugusisha msumari kwenye kichwa cha skrubu. Chuma cha kawaida cha skrubu hutanuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii, hivyo skrubu ya milimita 4 ikipata joto la digrii 150 zaidi hunenepa kwa milimita 0.007 hivi. Jicho haliwezi kuuona unene huo. Kutu, hata hivyo, haina mnyumbuko, na skrubu inaponenepa kisha ikasinyaa, kutu hupasuka na kuacha njia ya mafuta kupita.

Ilipopoa nilitia tone jingine, nikailaza mashine juu ya gunia ili skrubu itazame juu, nikasimamisha bisibisi wima na kuugonga mpini wake kwa nyundo ndogo, mapigo mafupi na makavu. Halafu, mwanafunzi wangu akitoa macho, nikaizungusha kidogo sana upande wa kukaza. "Patroni, huko siko!" Nilimwambia asikilize. Uzito wa kifua changu ukiwa juu ya mpini, nilirudisha upande wa kufungua, na ikasikika "tak" ndogo, kavu. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa kuivuta yote mara moja. Mimi huifungua robo, nairudisha nusu ya robo hiyo, natia mafuta, naendelea, ili uchafu uliomo kwenye hesi usijisage na kuikwamisha upya.

Saa tisa. Hesi nilizisugua kwa mswaki. Fimbo niliishusha hadi, sindano inapoinuka kama milimita 2.4 kutoka chini kabisa, ncha ya ndoano ikawa inapita nyuma ya sindano, milimita 1.6 hivi juu ya tundu. Nilikaza, nikajaribu kwenye vipande viwili vya kitambaa cha shati, kisha kwenye vinne. Haikuruka.

Saa kumi na moja. Mama alishona mstari mmoja, akaugeuza, akaukagua chini, kisha akauliza bei na kulalamika kwamba ni pesa nyingi kwa skrubu moja. Tulipatana. Nilimwongezea kichupa cha mafuta ya cherehani na kumsihi mafuta ya jikoni yabaki jikoni. "Fundi, hayo niliyatia mimi?" alisema huku akimwita kijana aje kubeba. "Ni mdogo wangu. Nitamleta umwambie mwenyewe."