Nilivyoweka Linux nyepesi ndani ya Windows kwenye laptopu ya GB 4

Laptopu yenyewe si yangu peke yangu. Mchana naitumia mimi, usiku anaichukua mdogo wangu anayesoma chuo, na kazi zake zote ziko kwenye Windows 10: ripoti, mahesabu, na programu ya takwimu ambayo mwalimu wao hakubali nyingine. Kwa hiyo suala la kufuta Windows ili niweke Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, halikuwepo. Na mimi mwaka ule wa 2024 nilikuwa nimeshaamua kujifunza kuendesha seva (kompyuta inayohudumia nyingine), kazi ambayo huwezi kuijua kwa kusoma tu bila kugusa. Ikabaki njia moja, mashine pepe: kompyuta inayoishi ndani ya programu, Windows akiwa mwenyeji na Linux akiwa mgeni.

Hali ya laptopu ilikuwa hivi: RAM ya GB 4, prosesa ya Intel, na diski ya kuzunguka, si SSD (ile isiyozunguka, yenye kasi zaidi). Nayataja haya kwa sababu maelekezo mengi niliyoyasoma yalianza kwa kusema mpe mgeni GB 4. Nikimpa zote, mwenyeji atakula nini?

Kikwazo cha kwanza kilinikuta mlangoni. Niliweka VirtualBox, programu ya kutengeneza mashine pepe, nikaanza kutengeneza mashine mpya, na kwenye orodha ya mifumo nikaona ya biti 32 tu, ile ya zamani, bila ya biti 64 niliyoihitaji. Nikaamini prosesa imezeeka. Kumbe uwezo wake wa kubeba mashine pepe, ambao Intel wanauita VT-x, ulikuwa umezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya laptopu inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Nilizima laptopu, nikaiwasha huku nagonga F10 (kwenye laptopu nyingine huwa ni F1, F2 au Delete), nikatafuta mstari ulioandikwa "Virtualization Technology", nikauwasha na kuhifadhi. Niliporudi, mifumo ya biti 64 ilikuwa pale. Kazi ya dakika tatu iliyonisumbua siku mbili.

Nilichagua Debian 12, mojawapo ya matoleo ya Linux. Kwenye usakinishaji, unapofika kwenye ukurasa wa kuchagua eneokazi (sehemu ya madirisha na vitufe unayoiona kwenye skrini), moja liitwalo GNOME huwa limeshawekewa alama. Nikaliacha hivyo hivyo, nikampa mgeni GB 2 za RAM, na bando langu la wiki likaisha kwa kushusha vifurushi vya programu. Iliwaka, ikapendeza, nikafungua Firefox, na hapo kila kitu kikaganda. Nikadhani mgeni ana njaa, nikamwongezea RAM hadi GB 2.5. Ikawa mbaya zaidi: hata mshale wa kipanya kwenye Windows ukawa unaruka ruka, na taa ya diski haizimiki.

Mdogo wangu akaja kusimama nyuma yangu. "Dada, mbona imekufa? Kazi yangu inatakiwa kabla ya saa sita usiku."

Nikaifunga kwa nguvu, nikampa. Yeye akiandika, mimi nikamwomba anifungulie Task Manager pembeni, tukaangalia pamoja: Windows peke yake, bila mgeni, ilikuwa inatumia karibu GB 2. Hapo ndipo nilipoelewa. Mwenyeji akikosa RAM huanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni polepole mno kuliko RAM. Faili ambalo ndilo diski ya mgeni nalo liko pale pale. Kila nilipomwongezea mgeni, nilikuwa nawasukuma wote wawili kwenye foleni moja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wangu alikuwa anamnyonga mwenyeji.

Mara ya pili nilikwenda kinyume kabisa. Nilimpa mgeni MB 1,280 tu na diski ya GB 15 inayokua kadiri inavyotumika. Nilitumia tena ISO ile ile ndogo ya netinst (faili la kusakinishia linaloshusha mengine mtandaoni), ambayo haifiki GB 1, na nilipofika kwenye ukurasa wa eneokazi niliondoa alama zote, nikabakiza zana za msingi na seva ya SSH, ya kuingilia kwenye mashine kutoka kompyuta nyingine. Ikawaka skrini nyeusi yenye maandishi tu. Ndivyo nilivyotaka.

Nikaandika sudo, amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi, ili niweke eneokazi. Ikagoma, haipo. Sababu ni moja, na naomba uishike: wakati wa kusakinisha, Debian hukuuliza nywila ya root, yaani msimamizi mkuu. Ukiiweka, sudo haiwekwi wala wewe hupewi ruhusa yake. Ukiacha nafasi hiyo wazi, unapewa vyote viwili. Mimi nilikuwa nimeiweka. Nikaandika su, nikaingia kama root, nikaweka kifurushi cha sudo, kisha nikaita usermod ili nijiongeze kwenye kundi la wenye ruhusa ya sudo. Jibu likaja kwamba amri hiyo haipo, wakati najua ipo. Nilikaa na hilo jambo karibu saa nzima. Tatizo lilikuwa kistari kimoja. Ukiandika su peke yake unabaki na njia (folda ambamo amri hutafutwa) za mtumiaji wa kawaida, na usermod inakaa /usr/sbin ambako njia hizo hazifiki. Ukiandika hivi (badala ya jinalako weka jina lako la mtumiaji), inakubali:

su -
usermod -aG sudo jinalako

Toka, ingia upya, na sudo inafanya kazi.

Eneokazi nikachagua Xfce, lililo jepesi, na nikaliweka kwa kukataa vifurushi vya ziada ambavyo Debian hupendekeza:

sudo apt install --no-install-recommends xorg xfce4 xfce4-terminal lightdm

Kisha nikaweka vifurushi vya maandalizi, build-essential, dkms na linux-headers-amd64, ndipo nikaendesha Guest Additions, nyongeza za VirtualBox kwa ajili ya mgeni. Bila hizo skrini ya mgeni hubaki kidirisha kidogo katikati, na huwezi kunakili maandishi kutoka Windows kwenda Linux. Ndani ya Xfce nikazima vivuli na uwazi wa madirisha, kwenye mipangilio ya Window Manager Tweaks. Uzuri wenyewe sikuukosa, na madirisha yalianza kuitika haraka.

Nikafungua terminali nikaandika free -h. RAM iliyotumika: MB 390. Nikaandika tena, nikadhani nimesoma vibaya.

Firefox sikuiweka kwa mgeni kabisa. Kurasa za intaneti nazifungua upande wa Windows, kwa sababu kivinjari kimoja chenye tabo tano kinakula kuliko Xfce nzima. Saa kwenye paneli nimeipa lugha ya sw_TZ (Kiswahili cha Tanzania), inaniandikia Jumatano badala ya Wednesday, na hilo linanifurahisha kila ninapoliona. Umeme ukikatika, na betri yetu ina dakika kumi tu, nafunga mashine kwa "Save the machine state". Ukirudi naendelea pale pale, hata mstari niliokuwa naandika haujapotea. Kabla ya jaribio la hatari nachukua snapshot, nakala ya hali ya mashine ninayoweza kuirudia. Wiki ya tatu nilifuta folda ya /etc, yenye mipangilio ya mfumo, kwa mkono wangu, nikarudi nyuma ndani ya dakika moja.

Mdogo wangu, aliyekuwa ameichukia ile mashine, ndiye aliyekuja kuniomba. Wenzake darasani walitakiwa kujifunza Linux na hawakuwa na bando la kushusha. Nikafuta funguo zangu za SSH, nikabadilisha nywila, nikaitoa mashine nzima kama faili moja la .ova. Lilikuwa na GB 1.4, kwa hiyo hata flashi ya FAT32, isiyopokea faili linalozidi GB 4, ililipokea. Aliondoka nalo asubuhi ya Jumatatu. Jioni aliporudi, flashi ilikuwa imebaki kwa wenzake.