Aya Kwenye Nguzo ya Palermo

Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sisilia, Italia. Asubuhi alitukusanya Quattro Canti, njia panda ya karne ya 17 iliyozungukwa na sanamu za wafalme na watakatifu, lakini hakutuweka sana pale. Alikuwa na haraka ya kutufikisha kanisa kuu.

Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1185, mahali palipokuwa na msikiti. Waarabu waliuteka mji huu mwaka 831, na Wanormani, wapiganaji Wakristo wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, wakauchukua mwaka 1072. Mama yule alituongoza hadi baraza ya kusini, akaonyesha nguzo ya kushoto yenye maandishi ya kuchonga, akauliza kama yupo kati yetu awezaye kuyasoma. Mimi nimelelewa chuo cha Kurani Mombasa, nikasogea. Hati ilikuwa ya kale, herufi zimebanana, nyingine zimelika. Nikalikamata neno moja, kisha la pili, halafu ulimi ukaenda wenyewe: aya ya 54 ya Suratul-A'raf, isemayo kwamba Mola wenu ni Mwenyezi Mungu aliyeumba mbingu na ardhi kwa siku sita, na huufunika mchana kwa usiku. Aya niliyoihifadhi utotoni, sasa naisoma kwa sauti mlangoni mwa kanisa la Sisilia! Sauti ilinitetemeka.

Adhuhuri tuliingia kanisa dogo la kasri, Cappella Palatina, lililoanzwa na Roger II, mfalme Mnormani wa Sisilia, mwaka 1132. Wageni wengi walikuwa wakipiga picha kuta, na kweli vijiwe vya dhahabu vya mtindo wa Kibizanti, ule wa dola ya Kigiriki ya Konstantinopoli, vinang'aa ajabu. Lakini kwangu mimi utukufu wa mahali pale ni dari. Ni ya mbao, imechongwa vijishubaka vinavyoning'inia tabaka kwa tabaka mithili ya sega la nyuki, kazi ya mafundi wa Kiislamu. Ukikaza macho unaona wapiga udi, wanywaji, ngamia, hata watu wawili wakicheza sataranji. Nje ya kanisa lile, bamba la mwaka 1142 linaisifu saa ya maji ya mfalme kwa Kilatini, Kigiriki na Kiarabu.

Nilimpenda mama yule kwa sababu hakupamba mambo. Alisema wazi kwamba katika karne ya 13 mfalme Frederick II, mjukuu wa Roger huyohuyo, aliwahamisha kwa nguvu Waislamu wa Sisilia hadi Lucera, Italia bara. Dari ikabaki, wajukuu wa walioichonga wakafukuzwa. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma hata leo.

Jioni tulikula panelle, zile bajia bapa za unga wa dengu, katika soko la Ballarò. Hapo nikamwambia kwamba al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu aliyeandika kitabu chake cha jiografia kwa ajili ya Roger na kukimaliza mwaka 1154, ameitaja humo Malindi na Mombasa. Alimjua al-Idrisi vizuri, ila hilo hakuwahi kulisikia.

"Anasema nini juu ya Malindi?"

"Kwamba wenyeji wanachimba chuma, mama."

Akatoa daftari, akaniomba nimwandikie majina yote mawili, na akasema kesho atawaambia wageni wake hukohuko kasrini.