Kupanga harusi ukiwa mbali: tafuta mtu kabla ya ukumbi

Kabla ya kuulizia ukumbi, mpate mtu mmoja aliye karibu na mahali pa harusi, mwenye jicho la kukagua na asiyeona haya kukataa. Mmoja, si kamati. Mpambaji akipokea maagizo kwa shangazi na kwa wifi, atafuata yale yanayompunguzia kazi.

Picha za ukumbi zisikulevye. Lenzi pana hukifanya chumba kionekane kikubwa. Mtu wako akupigie video saa ileile ya sherehe, siku ileile ya wiki, uone jua linaingilia dirisha gani na usikie kelele za majirani. Awe na tepu. Meza ya duara ya kipenyo cha mita 1.5 inatosha watu 8, ya mita 1.8 watu 10. Baina ya meza na meza acha walau mita 1.5, la sivyo viti vikivutwa nyuma mhudumu hapiti. Ukiambiwa ukumbi unaingiza watu 300, uliza: wameketi mezani, au kwenye safu za viti tu? Kisha ondoa jukwaa, sehemu ya kuchezea na meza ya chakula. Hapo ndipo hesabu hugeuka.

Arbuni usiitume kabla mkataba haujataja tarehe, kinachotolewa, na kitakachorudishwa mkiahirisha. Fedha ikipita benki za kati hukatwa njiani, ikafika pungufu, na mwenye ukumbi akasema hujakamilisha. Chagua gharama zote zibebwe na mtumaji.

Saa nayo ina mtego wake. Ukiandika “saa 10” kwa mpiga picha, yeye anaelewa alasiri, wewe ulimaanisha asubuhi kwa sababu simu yako inasoma 10:00. Andika vyote viwili: 10:00, saa nne asubuhi, kwa saa za huko.

Vyeti vya kuthibitisha kuwa hujaoa au hujaolewa mara nyingi huisha muda baada ya miezi michache, kwa hiyo kuvichukua mapema mno ni hasara.

Gauni likishonwa kwa vipimo ulivyotuma, fundi aache akiba ya sentimita 2 au 3 kwenye mishono ya ubavuni, nawe ufike siku 10 kabla. Pindo la chini lisikatwe hadi uvae viatu vyenyewe: lililopimwa kwa kisigino cha sentimita 8 litaburuzika ukivaa cha 4.