Kilo Moja ya Korosho

“Mwanangu, hivi mtu akitaka kufunga dirisha la chumbani kwake, lazima kwanza atoke nje ya nyumba?”

Aliyeniuliza hivyo alikuwa katibu wa chama kimoja cha msingi cha ushirika, wilayani Newala, msimu wa korosho wa 2014. Wote pale walimwita Mama Katibu, nami nikamwita hivyo hivyo. Nilikuwa nimefika siku nne nyuma kwa basi kutoka Mtwara mjini, vumbi tupu njia nzima, kuja kufunga programu ya kuandikisha kilo za wakulima, niliyoitengeneza kwa PHP, lugha ya kuandikia programu, na MySQL, mfumo wa hifadhidata, yaani ghala la taarifa. Seva yetu ilikuwa kompyuta moja ya mezani iliyokaa pembeni mwa ofisi, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya babu. Kompyuta mbili za mapajani za makarani ziliifikia kupitia ruta ndogo, intaneti haikuhitajika.

Dirisha alilolisema Mama halikuwa la ofisi. Orodha yangu ilikuwa na wakulima zaidi ya 600, kila mmoja na mstari wake: jina, namba ya uanachama, daraja la korosho, kilo. Mwishoni mwa kila mstari kulikuwa na neno “Hariri”. Ukilibonyeza unapelekwa ukurasa mwingine wenye fomu ya visanduku tisa, unabadilisha kimoja, unahifadhi, halafu programu inakurudisha mwanzo wa orodha, hata kama ulikuwa ukurasa wa 14. Mama alikuwa ametumia Excel miaka mingi. Yeye alizoea kusimama juu ya namba, kuandika, kugonga Enter na kushuka. Kwa kipimo hicho fomu yangu ilikuwa adhabu, na nilimwelewa.

Usiku ule, gesti, nikaketi na kazi hiyo. Haikuwa ngumu. Ukigusa namba kwenye jedwali, inageuka kisanduku cha kuandikia. Ukiondoka pale, jQuery, zana inayofanya kazi ndani ya ukurasa wenyewe, inachukua vitu vitatu: mstari gani, safu gani na thamani mpya, inavipeleka kwenye seva bila ukurasa kuondoka, na seva inasasisha hifadhidata. Kisanduku kinawaka kijani kidogo, basi.

Nilikuwa mwangalifu, au nilijiona hivyo. Mstari niliutambua kwa namba yake ya kudumu ndani ya hifadhidata, si kwa nafasi yake kwenye kioo, kwa sababu karani akipanga orodha kwa majina mstari wa tatu unaweza kuwa wa themanini, na kilo za mtu zikaangukia kwa jirani yake. Majina ya safu nayo niliyawekea orodha ya zinazoruhusiwa, asije mtu akatuma jina la safu isiyomhusu. Kwa mambo hayo mawili nikalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi, ukungu bado umelala juu ya Shimo la Mungu, lile bonde la Newala, Mama akajaribu. Akagusa, akaandika, akashuka. Akacheka peke yake. “Sasa hii ndiyo kazi,” akasema, na kuanzia hapo makarani wakawa wanashindana.

Siku ya nne baada ya hapo, saa kumi jioni, akaja mzee mmoja na fimbo yake. Orodha ya mizani ilikuwa imechapwa na kubandikwa ukutani ili kila mtu ahakiki kabla majina hayajapelekwa benki. Nikamwamkia, akaitika, kisha akaniita ukutani na kuweka ncha ya fimbo chini ya jina lake.

“Nisomee hapa, maana macho yangu yamechoka.”

Nikasoma. Kilo 1.

“Kilo moja,” akarudia taratibu, bila kupandisha sauti. “Mjukuu wangu, kilo moja mimi niilete kwenye mizani? Si ningezikaanga nyumbani watoto wakala?”

Nikarudi kwenye kompyuta ya Mama. Pale kwenye kioo, ukurasa ambao haukuwa umefungwa tangu asubuhi, mstari wa mzee ulisomeka vizuri kabisa: 1,250. Nikauburudisha ukurasa. Ikawa 1.

Nilihisi joto likipanda masikioni. Ile koma! Mama aliandika namba kama zinavyoandikwa kwenye daftari la hesabu, elfu moja, koma, mia mbili hamsini, na hakuwa na kosa. Safu ya kilo ilikuwa ya namba kamili, na MySQL ile tuliyoifunga ilikuwa katika hali yake ya ulegevu. Ukiipa “1,250” inasoma kutoka kushoto, inachukua 1, inakutana na koma, iliyobaki inaitupa. Inanung’unika kwa onyo moja ambalo programu yangu haikulisoma, kisha inajibu kuwa kazi imefanyika. Nami nikawasha kijani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba fomu ya zamani ilikuwa na mstari mmoja wa kufuta koma, nilioandika mwenyewe wiki ya kwanza. Jedwali jipya halikupitia fomu. Fomu ile ilikuwa mlango wenye mlinzi, na mimi nilikuwa nimetoboa madirisha mia sita bila kuweka hata wavu. Na kisanduku kiliendelea kuonyesha kile Mama alichoandika, si kile kilichohifadhiwa.

Tukafunga ofisi. Kuwapata waathirika kulikuwa rahisi: gunia la korosho ni kilo 80 hivi, kwa hiyo nikaiuliza hifadhidata nani ana chini ya kilo 10. Ikatoa mistari 28. Karibu wote ni wakulima wakubwa, maana wenye mia tano au mia nane hawana koma. Jumla ya kilo zilizopotea ilikuwa 38,000 na ushei. Mmoja tu kati ya 28 alikuwa na haki ya namba yake, kijana aliyeleta kilo 9 za bibi yake, na Mama alimkumbuka kwa jina.

Stakabadhi za mizani, zile nakala za kaboni, ndizo zilizotuokoa. Mama alizifunga kwa mpira, bunda kwa bunda, kwa tarehe. Akasoma yeye, nikaandika mimi, kwa kutumia fomu ya zamani. Jedwali langu sikuthubutu kuligusa usiku ule. Alisoma kwa maneno, “elfu moja, mia mbili, hamsini,” na kila baada ya namba alinyamaza mpaka niirudie. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kesho yake nikahamisha ule ufutaji wa koma mahali pamoja ambapo njia zote zinapita, na baada ya hapo kisicho tarakimu tupu kikakataliwa kwa rangi nyekundu. MySQL nikaiweka katika hali yake ya ukali. Kisha nikabadilisha kijani: seva ikishahifadhi, inausoma upya mstari kutoka kwenye hifadhidata, na kisanduku kinaonyesha hicho kilichosomwa. Nikaongeza na jedwali la historia, nani kabadilisha, lini, kutoka ngapi kwenda ngapi. Hilo Mama alilipenda kupita yote, kwa sababu zake za makarani.

Nikamwita ajaribu. Akaandika 1,250, na koma yake. Kisanduku kikawa njano, kikawa kijani, namba ikakaa.

Akanyoosha kidole, akabonyeza F5, kitufe cha kuburudisha ukurasa. Akasubiri ukurasa urudi, akautafuta mstari wa mzee, akausoma kwa sauti. Ndipo akagusa mstari wa pili, akaandika, akabonyeza F5 tena.

“Mama, sasa hivi haina haja,” nikamwambia. “Inajisoma yenyewe.”

“Najua, mwanangu,” akasema, na kidole kikaenda F5.