Kutoka karakana ya jeshi hadi yadi ya malori

Nasimamia gereji hapa Dar es Salaam, na wastaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) waliokuwa mafundi wa magari hunijia kuulizia kazi. Siwezi kuwachukua wote, ila njia ya kuwafikisha wanakofaa ninayo.

Cheti kwanza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutathmini fundi aliyejifunzia kazini: anahojiwa, anafanya kazi kwa mikono mbele ya watathmini, akifaulu anapewa cheti bila kuanza kozi upya.

Penye ugumu ni kwenye wasifu (CV). Sajini mmoja mstaafu aliniletea karatasi yenye mstari mmoja tu: alitumikia jeshi upande wa magari. Nikamuuliza, "Afande, ukifika karakana asubuhi ulikuwa unafanya nini?" Akaanza kumwaga: kukagua gari kabla halijatoka, kusafisha nozeli, kubadilisha klachi, kusimamia vijana, kujaza kitabu cha gari. Vyote nikaviandika. Jina la kikosi na idadi ya magari tuliviacha. Hayo hayamhusu mwajiri.

Wengi siwapeleki kwenye gereji za magari madogo. Huko taa ya injini ikiwaka, unachomeka kwanza mashine ya kusoma kodi za hitilafu za injini, na wao wamezoea dizeli kubwa. Mashine wanaweza kujifunza, ila wana familia, wanataka kazi sasa. Kwenye malori na mabasi wanaingia na walichonacho: breki za upepo, gia boksi, difu, springi.

Sajini nikampeleka yadi ya malori. Fomeni akamwonyesha Scania iliyokuwa ikipoteza upepo. Hakushika hata spana. Aliomba maji ya sabuni na brashi, akawasha injini mpaka upepo ukajaa, akazima, kisha akamwambia kijana akanyage breki huku yeye akipaka kiungo kimoja kimoja. Povu likafumuka kwenye mpira unaoingia chemba ya gurudumu la nyuma. Akajifuta mikono, akaulizia daftari la matengenezo la lori hilo. Halikuwepo. Fomeni akacheka, akamwambia basi ataanza na hilo.

Kilichomsumbua ni mshahara. Jeshini unapangwa kwa cheo, uraiani unapatana. "Mwanangu, yaani nitaje mwenyewe?" Nikampa kiwango wanacholipwa mafundi wa malori, nikamwambia asishuke hapo, na habari za pensheni asiziguse kabisa, maana wapo waajiri wakisikia unayo wanakukata mshahara.